Usukani wa ubao wa milimani: uzito haupo pale unapoutafuta

"Mtaalamu, mimi ni fundi wa kuchomelea, nakaa Lushoto. Nimejitengenezea ubao wa magurudumu wa kushukia njia za vumbi za huku milimani. Matairi ni ya upepo, inchi 8, rimu za chuma, kila moja kilo 1.6. Ubao wa kusimamia ni plaiwudi, kilo 3. Usukani nimeuiga wa gari: kila gurudumu la mbele linageuka kwenye kingpini yake, yaani pini ya kugeukia, katikati kuna tairodi, ile fimbo inayoyaunganisha magurudumu mawili, na ubao ukiinama mkono wa chuma unaisukuma. Usukani huo peke yake ni kilo 4.8. Ekseli ya nyuma imefungwa, haigeuki, kilo 1.3. Jumla kilo 15.5. Kwenye mteremko nikifika kasi ya baiskeli iliyoachiwa breki, mbele inaanza kucheza kushoto kulia mpaka naruka. Nimekaza springi, ikawa nafuu kidogo lakini sasa haikati kona. Nimeambiwa nibadilishe vyuma vyote niweke alumini, eti uzito utashuka nusu na kucheza kutaisha. Nitumie alumini gani? Na pembe iwe nyuzi ngapi? Nina kilo 70, na kutoka ekseli hadi ekseli ni sentimita 95."

Ndugu yangu fundi, nimelisoma swali lako, kisha nikachukua karatasi nikauchora usukani wako kabla ya kujibu. Una shida mbili ambazo washauri wako wamezifunga kwenye furushi moja: uzito, na kucheza kwa magurudumu ya mbele. Wanadhani dawa ni moja. Ukiujenga usukani huo huo kwa alumini utapata chombo chepesi kidogo, kinachokurusha vile vile, na ambacho siku moja kitakatika bila kukupa taarifa. Kilo zako hazikuletwa na chuma. Zimeletwa na wingi wa vipande, na vipande hivyo ndivyo vinavyocheza.

Tuanze na gari, maana ndiko ulikoiga. Dereva wa gari ameketi na anakata kona kwa mikono. Ekseli ya mbele ikigeuka yote kama ya mkokoteni, itahitaji nafasi kubwa chini ya bodi, na kila jiwe litampokonya dereva usukani. Kwa hiyo kila gurudumu likapewa kingpini yake, na mikono ikapangwa ili gurudumu la ndani ya kona likate zaidi kuliko la nje. Ubao wako una upana wa nusu ya kiti cha daladala na dereva amesimama juu yake. Ekseli nzima ikigeuka kama kipande kimoja, magurudumu yote mawili yanabaki kwenye mstari mmoja unaoelekea kitovu cha kona, basi hakuna hesabu ya la ndani na la nje. Kila gurudumu lina beringi zake na linazunguka kwa mwendo wake. Kazi yote uliyoipa tairodi, mikono na kingpini mbili inafanywa na pini moja iliyolazwa mshazari.

Wazo hilo ni la zamani kuliko gari. Mwaka 1863 James Plimpton wa New York alipata hataza ya viatu vya magurudumu manne vilivyokata kona kwa mvaaji kuinama tu, vikiwa na kipande cha mpira cha kuvirudisha katikati. Ubao wa magurudumu wa mjini ulirithi humo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vijana wa Colorado waliokuwa wakiteleza kwenye theluji walitaka kushuka milima hiyo hiyo wakati wa kiangazi. Wakachukua wazo lile lile na kulivalisha matairi ya upepo. Hao ndio ndugu zako wa karibu, wala si mafundi wa magari.

Sasa ile pini. Ukiilaza sambamba na ubao, ubao utainama kulia na kushoto lakini ekseli haitageuka hata kidogo. Ukiisimamisha wima, ekseli itageuka kama ya mkokoteni, lakini kuinama kwako hakutaifanya chochote. Katikati ya hali hizo mbili, kuinama kunageuzwa kuwa kukata kona, na pembe ya pini kutoka usawa wa ardhi ndiyo inayoamua kiasi gani. Ukipenda hesabu: tanjenti ya pembe ya kugeuka kwa ekseli ni sawa na tanjenti ya pembe ya pini mara saini ya pembe ya kuinama. Pini ikiwa nyuzi 35 na wewe ukiinamisha ubao nyuzi 20, ekseli inageuka kama nyuzi 13 na nusu. Kwa urefu wako wa sentimita 95, ekseli zote mbili zikigeuka, ya mbele upande huu na ya nyuma upande ule, unapata kona yenye nusu kipenyo cha mita 2. Pini ya nyuzi 45 itakupa mita 1.4, na ya nyuzi 25 mita 3.

Hapo ndipo mafundi wengi hukimbilia nyuzi 45, kwa kuwa kona ya mita 1.4 inapendeza ukiijaribu uani. Lakini uani hakuna kasi. Tuseme vumbi la huko kwenu linaruhusu tairi kushika kwa nguvu ya pembeni inayolingana na nusu ya uzito wako, ambayo si haba kwa udongo mkavu. Kwa kilometa 20 kwa saa, kona kali kuliko zote unayoweza kuikata bila kuteleza ina nusu kipenyo cha mita 6 na kitu. Kwa kilometa 30, ni mita 14. Rudisha namba hizo kwenye hesabu ya juu, kwa pini za nyuzi 35: kwa kilometa 20 unahitaji kuinama nyuzi 6 tu, na kwa 30 unahitaji chini ya nyuzi 3. Yaani katika kasi inayokurusha, uhai wote wa usukani wako umo ndani ya nyuzi 3 za kifundo cha mguu. Ukivuka hapo unateleza.

Sasa nenda kaushike usukani wako, inua mbele, mwambie mtu ashikilie ubao, kisha tikisa gurudumu moja kwa mkono. Una kingpini mbili, ncha mbili za tairodi, na maungio ya ule mkono wa kusukuma. Kila moja ina kanafasi kadogo, ka kukaza na kulegea. Zikijumlishwa, sitashangaa gurudumu likicheza nyuzi moja au mbili kabla ubao haujahisi kitu. Nyuzi mbili za bure kwenye usukani ambao kazi yake yote ni ya nyuzi chache! Huo si usukani, ni pendekezo.

Kucheza kwenyewe kunakwenda hivi. Gurudumu linagusa kokoto, ekseli inageuka kidogo kulia. Ubao unakimbilia kulia chini yako, mwili unabaki nyuma, kwa hiyo uzito wako unaangukia ukingo wa kushoto. Ubao unainama kushoto, ekseli inageuka kushoto, na kwa kuwa vifundo vya miguu huchelewa kidogo kujibu, unapitiliza. Kila mzunguko unapokea nguvu zaidi kutoka kwenye mteremko. Nguvu ya pembeni hupanda kwa mraba wa kasi: ukiongeza kasi mara mbili, kosa lile lile la ekseli linakusukuma mara nne. Ndiyo maana chombo kinatulia kabisa mpaka kasi fulani, halafu ghafla kinageuka kuwa punda.

Kukaza springi hakukutibu kwa sababu springi haili nguvu. Inaipokea na kuirudisha yote. Ulipoikaza ulisogeza tatizo kwenye kasi kubwa zaidi, na ukalipa kwa kona. Kinachokula nguvu ni msuguano na mpira: kitu kinachobonyea na kurudi kwa uvivu. Kwenye mbao za milimani za dukani, katikati ya springi kuna kidonge cha poliyuretheni chenye umbo la yai kwa kazi hiyo. Hapo Lushoto usihangaike kutafuta yai. Bushi, yaani vile vipande vya mviringo vya kupunguza mtikisiko, za poliyuretheni za stabilaiza ya gari, au hata za mpira za juu ya shokapu, zikikatwa kwa kipimo zitafanya kazi nzuri. Kwanza ondoa nafasi zote kwenye maungio, pili weka mpira, mwisho ndipo uguse springi. Watu wengi huanza mwisho.

Kuna jambo moja ambalo sina budi kukwambia kuhusu ekseli ya kipande kimoja, nisije nikaonekana nauza. Jiwe likipiga gurudumu la mbele la kulia, linalirudisha nyuma na kulinyanyua, na vyote viwili vinageuza ekseli upande wa kulia, yaani kulifuata jiwe. Mkono wa nguvu hiyo ni nusu ya upana wa ekseli, kama sentimita 19. Jiwe likikupiga kwa nguvu ya nyutoni 200, pini ya nyuzi 35 itapeleka miguuni kwako zaidi ya nusu ya msukosuko ule. Ya nyuzi 25 itapeleka kama asilimia 40. Kwa hiyo pembe ndogo inakukinga dhidi ya mawe vilevile, siyo dhidi ya kasi tu. Na ekseli pana inayokupa utulivu wa kutopinduka ndiyo hiyo hiyo inayoyapa mawe mkono mrefu. Usizidishe sentimita 40.

Ningekuwa wewe ningeifanya na ekseli ya nyuma igeuke, nikaweka pini ya nyuzi 35 mbele na 25 nyuma. Mbele inaongoza, nyuma inafuata bila kurusha mkia, na kona yako ya kuinama nyuzi 20 itakuwa ya mita 2.4, inayotosha njia nyingi za mashambani. Kabla ya kuchomelea chochote cha kudumu, tengeneza kabari za mti mgumu za nyuzi 5 na 10, uziweke kati ya ubao na ekseli, ujaribu. Pembe ni jambo la miguu ya mtu, na kabari ya mninga ni rahisi kuliko kukata chuma mara ya pili.

Kuhusu mpangilio wa springi, hapa ndipo ubao wa milimani unapoachana na ule wa mjini. Wa mjini hutumia bushi mbili zilizobanwa kwa bolti katikati, na ni mwepesi kuliko wote. Lakini tazama nguvu zako: ukisogeza uzito wako sentimita 8 kuelekea vidole, kilo 70 zinatoa kama nyutonimita 55, nusu yake kwa kila ekseli. Ili ubao uiname nyuzi 20 kwa nguvu hiyo, springi iliyo sentimita 4 kutoka kwenye pini itabanwa na kilo karibu 57 na itasogea sentimita 1.7. Bushi yenye kimo cha sentimita 2 au 3 haiwezi kubonyea hivyo bila kupasuka. Springi inaweza. Kwa hiyo nakushauri ekseli ya chaneli: kipande cha chuma chenye umbo la U kilichofungwa chini ya ubao, pini inapita katikati yake, ekseli inaning'inia kwenye pini, springi mbili kila upande na mpira kati yao. Ukishuka taratibu tu na hutaki kuruka, toleo la bushi litakufaa na litakuokolea kama nusu kilo. Kwa kasi unayoisimulia, hapana.

Mtu mwingine atakuambia uweke mpini wa mkono kama wa chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo. Ninaiheshimu sana chukudu. Watu wa Goma, mashariki mwa Kongo, wameijenga kwa mti wa mkaratusi ikabeba mamia ya kilo za mkaa na viazi, na sanamu yake imesimama mjini kwao. Lakini ile ni gari la mzigo, uzito umo chini na dereva anapiga goti juu yake. Ukiweka mpini kwenye ubao wako umejenga skuta, na hilo ni swali jingine.

Turudi kwenye mizani. Hesabu zako mwenyewe zinasema magurudumu ni kilo 6.4 na mifumo ya ekseli, mbele na nyuma, ni 6.1. Ekseli mbili za chaneli za chuma kilekile ulichokizoea, zikitengenezwa kwa uangalifu, nakadiria hazizidi kilo 1.2 kila moja. Hapo umeshusha kilo 3.7 bila gramu moja ya alumini. Kisha tafuta magurudumu ya kipimo hicho hicho yenye rimu ya nailoni badala ya chuma. Hata ukipunguza gramu 500 tu kwa kila moja, hizo ni kilo 2 nyingine, na ni kilo bora kuliko zote kwa sababu ndizo zinazopaa na kugonga kwenye kila jiwe. Utabaki na chombo cha kilo 10 kasoro. Mbao za dukani nyingi zina kilo kati ya 5 na 9, kwa hiyo hutakuwa mbali. Upepo wa tairi nao ni sehemu ya usukani: jaribu kati ya psi 20 na 30. Chini ya hapo tairi linavuka rimu kwenye kona, na juu ya 40 kila kokoto linageuka kuwa nyundo.

Sasa alumini. Ina theluthi moja ya uzito wa chuma, ndiyo, lakini pia ina theluthi moja ya ugumu, hivyo kipande lazima kinenepe. Halafu wewe ni mchomeleaji, sikiliza hili: alumini ya 6061 iliyotiwa moto kiwandani hadi daraja la T6 inapoteza karibu nusu ya nguvu yake pembeni ya mchomeleo, na hairudi bila tanuri. Na alumini huchoka. Chuma kikibebeshwa mzigo mdogo wa kutosha kinaweza kurudia mtikisiko huo milele. Alumini inahesabu kila mmoja. Itumie kwenye vipande vya kufungwa kwa bolti, kama bamba la chini ya ubao, na usiichomelee penye mzigo.

Ekseli yenyewe ni ya chuma, na hapa nakuomba usibahatishe. Ukitua kutoka kwenye tuta, mzigo hufika mara tatu ya uzito wako kwa urahisi. Ekseli moja ikibeba nusu, na nusu hiyo ikaangukia gurudumu moja lililo sentimita 5 kutoka kwenye egemeo, fimbo ya milimita 12 inapata mkazo wa megapaskali 300 hivi. Chuma cha kawaida cha dukani hupinda kwenye 250. Bolti ya daraja 8.8 huvumilia 640. Kwa hiyo ncha za ekseli zikereze kutoka kwenye bolti ya 8.8 au chuma chenye nguvu hiyo, na usiichomelee. Ipitishe ndani ya bomba na uibane kwa pini. Bomba la milimita 16 lenye unene wa milimita 2 ni jepesi kwa asilimia 22 kuliko fimbo ngumu ya 12, na kwa kupinda lina nguvu zaidi kwa asilimia 60. Ukilinganisha kwa gramu, umeokoa 80 tu kwa ekseli moja. Fanya kwa ajili ya nguvu, uzito ni baksheshi.

Na usiguse fimbo za shokapu za zamani, hata kama zinang'aa na zinalingana kipimo. Mimi niligusa. Niliichomelea moja vizuri kabisa, mchomeleo wa kupigia picha, nikashuka nayo wiki mbili. Ile fimbo imekomazwa uso wake. Moto wa kuchomelea ukaifanya iwe kama biskuti milimita tatu kutoka kwenye mshono. Ilikatika nikiwa kwenye kona ya kushoto, na bado nina alama ya changarawe kwenye kiwiko.

Kila baada ya siku chache za kushuka, fungua ekseli uikague. Njia ya zamani inatosha: paka mafuta ya taa penye mshono na penye kona, acha nusu saa, futa pakauke kabisa, kisha paka chaki. Penye ufa, mafuta yatatoka na kuchora mstari mweusi kwenye weupe wa chaki. Ukiuona mstari huo, usiuchomelee juu juu. Kipande hicho kimekwisha.

Kukereza ncha na kutoboa tundu la pini ni kazi ambayo ningeipeleka kwa mtu mwenye mashine ya kukereza, kwa sababu tundu la pini lililopinda nusu ya milimita litakurudishia ule mchezo uliokimbia. Walimu wa karakana za VETA, vyuo vya ufundi stadi, wengi watafurahia kazi kama hii. Peleka mchoro wenye vipimo, usipeleke maneno. Mwombe pia akuonyeshe kwa macho yake kama pembe zako za chaneli zimelingana kushoto na kulia, maana ubao unaovuta upande mmoja huwa umeanzia hapo.

Mengine ni ya mwili wako. Ubao huu hauna breki, kwa hiyo jifunze kwanza kusimama kwa kukata kona kuelekea mlimani, kwenye mteremko mdogo ulio na nyasi chini yake, ukiwa umevaa helmeti na vikinga mkono. Ukianguka na kiganja kikapokea uzito, na maumivu yakabaki kwenye kishimo kilicho chini ya kidole gumba zaidi ya siku moja au mbili, nenda ukapigwe picha hata kama mkono haujavimba. Ukigonga kichwa kisha ukatapika, ukachanganyikiwa au kichwa kikazidi kuuma, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na mtu akusindikize.

Kabari za nyuzi 10 unaweza kuzikata kesho asubuhi. Ukishamaliza ekseli ya kwanza, ipime, uniandikie ina gramu ngapi.